Ustadi wa Kusoma Uso

Mkono wa fundi wa lenzi haujui kama kazi imekwisha. Pitisha kidole juu ya kioo kilichong'arishwa kwa lami na unga laini; kidole kitasema tayari, nacho kitakuwa kimedanganyika, maana kosa linaloharibu taswira ni dogo mara mamia kuliko unene wa unywele. Kwa hiyo fundi huacha mwanga uguse uso, kisha husoma kile ulichorudi nacho. Huo ndio ustadi ninaotaka kuusifu.

Njia ya zamani haina makeke. Fundi hulaza juu ya lenzi kioo cha kupimia ambacho umbo lake linajulikana, akawasha taa ya rangi moja. Kwenye hewa nyembamba iliyobanwa katikati hutokea miduara ya mwanga na giza, ile inayobeba jina la Newton. Kutoka mduara mmoja wa giza hadi unaofuata, nafasi imeongezeka kwa nusu ya urefu wa wimbi, yaani takriban nanomita 295 kwa taa ya manjano ya sodiamu. Miduara ikiwa duaradufu, lenzi haikupinda sawasawa pande zote. Lakini kabla ya kusoma lolote, fundi husubiri. Joto la viganja vyake limekwisha kutanua vioo, na mwenye pupa atapima joto lake mwenyewe.

Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alibuni kipimo ambacho hadi leo kinanishangaza kwa umaskini wa vifaa vyake: tundu dogo la mwanga na ukingo wa kisu. Mwanga hutumwa kwenye kioo mbonyeo, hurudi ukijikusanya mahali pamoja, na hapo kisu huukata polepole. Kioo kamili hufifia chote kwa mara moja. Chenye kasoro hujaa vivuli vya milima na mabonde. Mtu akikigusa kwa kidole kisha akatazama tena, ataona kichuguu pale alipogusa, kikididimia taratibu kioo kinavyopoa.

Wakubwa nao hukosea. Kioo cha darubini ya Hubble, chenye upana wa mita 2.4, kiling'arishwa kwa ulaini wa ajabu katika umbo lisilo lake. Sehemu moja ya kifaa cha kukipimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, na ukingo wa kioo ukawa bapa kupita kiasi kwa mikromita 2.2 hivi. Kasoro ilijulikana mwaka 1990, darubini ikiwa tayari angani. Vipimo vingine vya kawaida zaidi vilikuwa vimeiona kiwandani, vikapuuzwa kwa sababu kifaa kile cha gharama ndicho kilichoaminiwa. Tangu nilipoisoma habari hiyo, simwamini fundi mwenye kipimo kimoja.

Jicho nalo lina uso wa namna hii. Konea, utando angavu ulio mbele ya mboni, ina unene wa nusu milimita hivi katikati, na hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga. Mnamo 1880 Mreno António Plácido alichora miduara myeusi na myeupe kwenye sahani, akatoboa tundu katikati, akachungulia jinsi konea inavyoirudisha. Konea yenye kovu huivunjavunja. Mashine nyingi za leo za kuchora ramani ya konea bado humulika miduara ya namna hiyo, ila kompyuta ndiyo inayohesabu.

Mtihani mgumu huja uso wenyewe unapoliwa. Mkulima anapigwa jichoni na jani la mahindi, mchubuko ni mdogo, na siku kadhaa baadaye fangasi wa jamii ya Fusarium au Aspergillus wamejikita. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yanahesabu zaidi ya wagonjwa milioni moja wapya wa namna hii kila mwaka duniani. Daktari hutia rangi ya fluoresini, humulika kwa mwanga wa buluu, na kidonda hung'aa kijani. Hupima urefu na upana kwa milimita, akakichora kwenye faili. Kisha hutia ganzi, hukwangua kidogo na kutazama kwa hadubini kama kuna nyuzi zenye matawi. Asipofanya hivyo, wekundu unaweza kumhadaa kama kidole kinavyomhadaa fundi: matone ya steroidi huutuliza huku fangasi wakizidi kula.

Dawa ya fangasi hao ni natamisini, inayotiwa kila saa mwanzoni. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Kuingia kwenye orodha na kufika duka la dawa ni safari mbili tofauti.

Mwanga nao umejaribiwa kuwa dawa. Huko Dresden, Ujerumani, katika miaka ya 1990, watafiti walitumia vitamini B2 na miale ya urujuanimno kukaza konea dhaifu, na baadaye madaktari wakaijaribu njia hiyo dhidi ya vidonda. Wazo lilinivutia mno. Jaribio la India lililochapishwa mwaka 2020 halikuona faida ya kuiongeza juu ya matone kwa vidonda vya fangasi, hata uwezo wa kuona ukaelekea kupungua. Kwa hiyo mgonjwa wa fangasi anaendelea na matone, na daktari hupima tena urefu na upana, akaandika chini ya mchoro wa jana.