Picha Isiyopigwa: Uhakiki wa Makala ya Painter na Burkitt

Mwaka 1971 Neil Painter na Denis Burkitt walichapisha katika jarida la British Medical Journal makala kuhusu vifuko vya utumbo mpana, yaani sehemu za ukuta wa utumbo zinazotokeza nje. Walidai kuwa ni maradhi ya ustaarabu wa Magharibi yatokanayo na upungufu: unga uliokobolewa hupunguza makapi, kinyesi huwa kigumu, na shinikizo hupanda hadi ukuta ukasalimu amri.

Nguvu ya makala haya imo katika usimulizi. Wahusika ni wawili: Mzungu mgonjwa na Mwafrika mzima wa kijijini. Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji nchini Uganda tangu 1946 hadi 1966, anasikika kama shahidi. Hata hivyo mhusika wa pili hasemi. Afya yake inathibitishwa zaidi na kukosekana kwake miongoni mwa wagonjwa.

Hapo ndipo penye udhaifu. Vifuko vingi havina maumivu. Hudhihirika bariamu inapojaza utumbo na kuonyesha vidoto pembeni mwake, au skana inapofichua vijifuko vyenye hewa. Penye uvimbe, ukuta huonekana mnene na mafuta jirani kama yametiwa ukungu. Mkulima wa Bangboka, nje ya Kisangani, alaye lituma na sombe, anafanana kabisa na mhusika huyo. Lakini kama hajapigwa picha, hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wazima; hajahesabiwa tu.

Tafiti za baadaye zimeitenga hoja hiyo sehemu mbili. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha kuwa walaji wa makapi mengi hulazwa kwa nadra zaidi kwa sababu ya maradhi haya. Mwingine wa Marekani, mwaka 2012, haukuona kuwa makapi huzuia vifuko vyenyewe visitokee.

Basi kuwa na vifuko si sawa na kuugua vifuko. Mfasiri atakayeyaita yote mawili “ugonjwa wa vifuko” atairithisha lugha kosa la 1971, na mtu mzima wa Bangboka atarudi nyumbani na picha mkononi akijiona mgonjwa. Kiswahili kina uwezo wa kuyatenganisha: *vifuko vya utumbo* kwa hali, *uvimbe wa vifuko* kwa maradhi. Wanaistilahi wasisite.