Neno "Funga" na Tangazo Lisiloondoka

Kazi ya istilahi haiishii katika kuvipa vitu majina. Tumeonelea vema kulieleza jambo hili kwa mfano ambao huenda baadhi ya wasomaji wakauona mdogo mno: tangazo linalofunika ukurasa wa tovuti na kukataa kuondoka.

Tulipokuwa Mtwara tulikaa na walimu wawili waliotaka kusoma waraka katika tovuti moja. Kila walipoufungua kwa simu, tangazo la vidakuzi liliziba nusu ya maandishi. Walilisukuma juu na chini, wakaizima simu na kuiwasha tena, nasi tukishirikiana nao, bila mafanikio. Mwishowe mmoja wao akabonyeza "Kubali vyote", na waraka ukaonekana. Baadaye mtoto wa shule alituonyesha alama ya X, ndogo sana, katika pembe ya juu ya tangazo. Kuigusa mara moja kulitosha.

Yupo atakayesema kwamba kosa lilikuwa letu sisi tusiotazama vizuri. Sehemu ya kosa twaikubali. Lakini X ina maana gani kwa mwananchi? Katika daftari la mwanafunzi ni alama ya kukosa. Katika hisabati yafanana na alama ya kuzidisha. Nyumba iliyopigwa X nyekundu kando ya barabara ni nyumba ya kubomolewa. Hakuna hata moja kati ya maana hizo imwambiayo mtu: gusa hapa uendelee kusoma.

Palipotumika maneno badala ya alama, hali si bora sana. Tendo hilo moja tumelikuta likiitwa "Ondoa", "Futa", "Puuza", na hata "Tupilia mbali". "Futa" humtia mtu hofu ya kupoteza alichokwisha kuandika. "Puuza" humtaka msomaji adharau habari aliyoandikiwa aisome. "Tupilia mbali" ni lugha ya mahakama, ambako shauri ndilo hutupiliwa mbali. "Funga" ndilo neno linalofaa zaidi, ila likisimama peke yake halisemi kinachofungwa ni tangazo, ukurasa, au programu nzima.

Jambo hili si dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeipa uzito ridhaa ya mwenye taarifa. Mtu abonyezaye "Kubali" kwa sababu hakuona njia nyingine hakuridhia; amechoka tu. Na neno lenyewe "kidakuzi" laelekea kutokana na kudakua, yaani kutoa siri. Ni onyo zuri, lakini halimfai kitu asiyeonyeshwa mlango wa kutokea.

Huko huko kusini kuna mifano ya kuigwa. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 yaitwa ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Maji ya mto hutoka hapo. Aingiaye ni mwenye chombo atokaye baharini. Jina limefuata macho ya mtumiaji. Vivyo hivyo "stakabadhi ghalani", iliyoingia katika biashara ya korosho msimu wa 2007/2008: korosho zimo ghalani, mkulima anayo stakabadhi mkononi. Istilahi ni ya kitaalamu, lakini kila neno laonyesha kitu.

Lawama nyingine yatuangukia sisi watunga istilahi. Orodha zetu zimejaa majina, kama vile tovuti, kipanya na kidakuzi, na vitenzi ni vichache. Tumemwachia mfasiri avitafute peke yake, mara nyingi akiwa na neno moja mbele yake, bila kuuona ukurasa litakapowekwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitenzi cha kitufe kisiandikwe bila mtendwa wake: "Funga tangazo", si "Funga" tu. Pili, alama ya X isiachwe bila neno kando yake. Tatu, "Kataa" iandikwe kwa ukubwa ule ule wa "Kubali", na mfasiri aruhusiwe kuuona ukurasa mzima kabla ya kufasiri.

Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali waliokutana na vitenzi vingine vya namna hii twawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya mahali vilipotumika.