Nani Baba? Uhakiki wa Filamu "Soshite Chichi ni Naru" ya Hirokazu Kore-eda

Filamu ya Hirokazu Kore-eda iitwayo Soshite Chichi ni Naru, yaani "Kisha Anakuwa Baba", ilipata Tuzo ya Baraza la Waamuzi huko Cannes mwaka 2013, ikaanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Japani mwezi Septemba mwaka huo huo. Aghalabu imesifiwa kwa kuuliza kama ubaba ni wa damu au wa malezi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, silo gumu kuliko yote yaliyomo katika kazi hii. Liko jingine ambalo mwongozaji amelikaribia, akalitazama vizuri, kisha akaliacha.

Ryota Nonomiya ni msanifu majengo, akaaye Tokyo katika ghorofa ndefu pamoja na mkewe Midori na mtoto wao Keita, mwenye umri wa miaka sita. Hospitali inawaarifu kwamba mtoto wao alibadilishwa alipozaliwa. Mtoto wa damu yao, Ryusei, amelelewa mkoani Gunma na Yudai Saiki, mwenye duka dogo la vifaa vya umeme, na mkewe Yukari. Nyumba mbili hizi zaanza kutembeleana, na hatimaye watoto wanabadilishwa tena. Baadaye yafahamika mahakamani kwamba muuguzi alifanya jambo lile kwa kusudi. Lakini Kore-eda hana haja kubwa na mkosaji, na katika hilo amefanya vema.

Babaye Ryota, mzee mkali, anamwambia mwanawe kwamba damu ndiyo ipitayo yote, kwa wanadamu kama kwa farasi. Mtazamaji wa nchi za nje yu tayari kuamini kwamba hapa anaisikia sauti ya mila ya kale ya Kijapani. Sivyo. Mila ile ya nyumba, iliyoandikwa katika Sheria ya Raia ya mwaka 1898 na kufutwa mwaka 1947, ilijali jina na kazi ya nyumba kuliko damu. Mfanyabiashara asiyekuwa na mwana anayefaa alimwoza binti yake kwa kijana mwenye uwezo, akamwasili, na kijana akalichukua jina la mkwewe. Hata leo sehemu kubwa ya wanaoasiliwa nchini Japani ni watu wazima, wala si watoto wachanga. Basi mzee huyu anasema kwa ukali wa mila jambo ambalo mila yenyewe haikulishika hivyo.

Sheria nayo haikukaa kimya. Katika mwezi ule ule wa Septemba 2013 Mahakama Kuu ya Juu ya Japani iliamua kwamba ni kinyume cha katiba kumpa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa nusu tu ya urithi apatao mwenzake wa ndani ya ndoa. Mwezi wa Julai 2014 mahakama hiyo ikasema kwamba baba wa kisheria hawezi kuondolewa ubaba wake kwa sababu tu vipimo vya chembe za urithi vimeonyesha damu nyingine. Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu. Majaji wa Tokyo walifika karibu na hapo kwa njia yao wenyewe. Kwa hiyo katika swali la damu filamu haipingani na ngome imara kama inavyodhaniwa.

Ngome ipo kwingine, nayo ni saa za kazi. Ryota hayupo nyumbani. Anarudi usiku, na siku za mapumziko anafanya kazi. Kore-eda mwenyewe amesimulia kwamba, baada ya kukaa mbali kwa sababu ya kupiga filamu, binti yake mdogo alimwaga mlangoni kwa maneno ya kumwomba aje tena, kama mtu amwambiavyo mgeni. Jambo hilo ndilo chanzo cha filamu, nalo halihusu damu hata kidogo. Sheria ya likizo ya malezi ilipitishwa mwaka 1991, kwa wanaume na wanawake sawasawa. Lakini mwaka 2013 baba walioichukua walikuwa kama 2 tu katika kila 100. Mwaka 2023 walifika kama 30 katika 100, na zaidi ya nusu yao kwa muda usiotimia mwezi mmoja.

Yudai anawekwa mbele yetu kama kielelezo cha baba mwema: anaoga na watoto, anarusha tiara pamoja nao, anamwambia Ryota kwamba kazi ya ubaba haina mtu wa kuishika kwa niaba yako. Ni maneno mazuri. Lakini duka la Yudai ni nyumba yake, na kati ya meza ya kazi na bafu ni hatua chache. Ryota ameajiriwa na kampuni kubwa ya ujenzi. Kuwalinganisha watu wawili hawa kwa wema wa mioyo yao peke yake ni kumsifu mkulima kwa kuwa haendi baharini.

Na Midori je? Hapa ndipo ninapoona upungufu. Habari ilipowafikia, Ryota alitamka kwamba sasa ameelewa, maana yake ameelewa kwa nini Keita hakuwa na ukali wa kushindana kama yeye. Midori hakuyasahau maneno yale, naye ana haki. Juu ya hayo anajilaumu mwenyewe kwa kutomtambua mtoto wake, ilhali mume, aliyemtazama mtoto yule kwa nadra, hapati lawama kama hiyo. Katika garimoshi anamwuliza Keita kama waende mahali pa mbali, wawili tu. Mtoto anauliza habari za baba. Mama anajibu kwamba baba ana kazi. Kwa maoni yangu hakuna tukio linalosema mengi zaidi juu ya nyumba ya Kijapani ya wakati huu, na halichukui hata dakika nyingi. Kisha filamu inarudi kwa Ryota, na haja ya Midori inabaki pale garini.

Yafaa pia kuangalia jinsi Ryota anavyopata nafasi ya kugeuka. Mkubwa wake kazini anamwambia kwamba amekimbia mno, kisha anamhamishia kwenye maabara ya utafiti, mahali penye msitu uliopandwa kwa mikono ya watu. Huko anaambiwa kwamba nyenje walichukua miaka kumi na mitano kuzaliana humo. Mfano ni mzuri, wala hauhitaji mfasiri. Lakini uhamisho wenyewe anaupokea kama kushushwa. Yaani katika simulizi hili mwanamume hupewa muda wa kuwa baba pale tu kampuni inapokoma kumhitaji mbele, na Kore-eda, ambaye ni mwangalifu katika kila jambo dogo, hakuona haja ya kuuliza ni nani aliyeupanga mwendo ule tangu mwanzo.

Mwishoni Ryota anafungua kamera na kukuta picha alizopigwa na Keita bila yeye kujua. Nyingi zamwonyesha amelala. Anazitazama moja baada ya nyingine, akalia. Nami nililitazama tukio hilo mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba mtoto hakuwa na saa nyingine ya kumpiga baba yake picha.