Upepo Uliochelewa

Tunapowafundisha watoto wa shule ya msingi jinsi uhandisi ulivyobadili maisha ya binadamu, walimu wengi hutafuta hadithi yenye shujaa mmoja. Mimi niliipata na kuifurahia: filamu ya mwaka 2019, The Boy Who Harnessed the Wind, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor. Inasimulia habari za William Kamkwamba wa Malawi, kijana wa miaka 14 aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajisomea maktabani, akaunda kinu cha upepo kwa vyuma chakavu.

Niliwaonyesha darasa la tano, katika kijiji ambacho mvua hukawia mwaka huu na kukosekana kabisa mwaka ujao. Mwishoni kinu kinazunguka, pampu inavuta maji, shamba linakuwa kijani. Watoto walipiga makofi, isipokuwa mmoja. Nilipomwuliza kulikoni, alijibu: “Mwalimu, sisi mahindi yetu yalikauka. Basi baba yangu hana akili.”

Sikuwa na la kumwambia. Usiku ule nilikisoma upya kitabu chenyewe, alichokiandika Kamkwamba pamoja na Bryan Mealer na kutolewa mwaka 2009. Jibu lilikuwamo. Filamu ndiyo iliyoliondoa.

Katika kitabu, kinu hakikuimaliza njaa. Njaa ilipungua mahindi ya 2002 yalipokomaa. Kinu kilisimama baadaye. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha balbu ndogo. Kisha zikaja taa za nyumbani, redio, na majirani waliofika kuchaji simu. Pampu ya maji ilifuata nyuma ya hayo yote.

Naelewa kwa nini mpangilio uligeuzwa. Filamu ya karibu saa mbili hutaka kilele, na balbu moja si kilele. Tena filamu ina sifa zake: Ejiofor mwenyewe, akiigiza kama baba, anaonyesha vizuri aibu ya mzazi asiye na chakula cha kuwapa wanawe. Lakini mwisho ule unafuta yaliyotangulia. Njaa ile ilikuwa na sababu: hali mbaya ya hewa, pamoja na akiba ya nafaka ya taifa iliyouzwa. Iwapo kijana mmoja aliweza kuimaliza kwa dainamo ya baiskeli, basi walioiuza nafaka hawana la kujibu, na kila baba ambaye shamba lake limekauka ni mzembe. Mwanafunzi wangu hakukosea kufikiri. Aliifuata filamu mpaka ilikomfikisha.

Uhandisi ulio ndani ya kitabu ni mdogo zaidi, na kwa mtoto una faida zaidi. Koroboi ilijaza nyumba moshi. Balbu iliuondoa, na usiku ukawa na saa za kusoma. Swichi ilitengenezwa kwa soli ya ndala. Nyaya zilipoleta hatari ya moto, William aliunda kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku, nyumba isiungue. Miti ilipozuia upepo, mnara uliongezwa urefu. Kila hatua ilianza na kero inayojulikana, na kila ufumbuzi ulizaa kero nyingine. Tena hakuwa peke yake. Rafiki yake Gilbert alitoa pesa za dainamo, binamu yake Geoffrey alisaidia kujenga, na mkutubi Edith Sikelo alisimamia rafu ya vitabu vya msaada ambamo alikikuta Using Energy, kitabu cha kiada kutoka Marekani. Ondoa rafu ile, na kinu hakipo.

Nilirudi darasani nikawasimulia haya, nikakiri kwamba niliwapa nusu ya habari. Nilimwambia yule mtoto mbele ya wenzake kwamba baba yake hakukosa akili. Alikosa mvua, na hakuna kinu ambacho kingemletea kwa wakati. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Ile nafaka, nani aliiuza?”

Filamu bado naionyesha. Ila siku hizi huizima kabla ya shamba kuwa kijani, nikafungua kitabu na kusoma pale balbu inapowaka.