Litungu Ndani ya Kompyuta: Suala la Kanuni katika Utunzi wa Muziki wa Kielektroniki

Katika uhakiki wa sanaa za Afrika Mashariki, suala la jadi na usasa limejadiliwa kwa marefu na mapana, hususan katika ushairi. K. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alivifanya vina na mizani kuwa nguzo za utungo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, nguzo hizo zilitikiswa na mgogoro ukapamba moto. Leo swali lile lile linabisha hodi katika muziki. Kijana wa Bungoma au Kitale mwenye kompyuta ndogo, au hata simu tu, anaweza kutunga wimbo mzima bila kugusa ala yoyote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubora wa wimbo huo hautokani na mashine, wala na wingi wa sauti za kijadi zilizotiwa ndani yake. Hutokana na mahali mtunzi alikochukua kanuni zake.

Hoja ya kuondolewa njiani kwanza ni ile isemayo kwamba muziki wa kielektroniki ni mgeni barani Afrika. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alitumia mashine ya kunasia sauti kwenye waya kurekodi zar, ngoma iliyo jamaa ya ngoma za kupunga pepo zijulikanazo pwani. Kisha aliigeuza sauti ile studioni, akiichuja na kuitia mwangwi hadi ikawa utungo mpya. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, ambaye aghalabu hutajwa kuwa mwanzilishi wa utunzi wa namna hiyo, alitoa kazi zake za kwanza mwaka 1948. Kwa hiyo mtunzi wa Kiafrika hana haja ya kuingia katika fani hii kama mgeni aliyekaribishwa mlangoni.

Hata hivyo, uenyeji hauthibitishwi kwa historia pekee. Chukua mfano wa litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba. Mpigaji huzikaza nyuzi hizo kwa sikio, akizilinganisha na koo lake mwenyewe. Sauti ya kuimba na sauti ya nyuzi hujibizana, na wimbo hurefuka au kufupika kwa kadiri ya jambo linalosemwa na watu waliohudhuria. Kompyuta, kwa upande wake, haiji mikono mitupu. Programu kama Ableton Live ikifunguliwa huwa imekwisha kuweka mapigo 120 kwa dakika, yaliyogawanywa manne manne, pamoja na ngazi ya sauti 12 zilizo sawa kwa sawa. Hizo nazo ni sheria za utunzi, ijapokuwa hazikuandikwa kitabuni.

Hapa ndipo penye kasoro ya tungo nyingi zinazojiita za mchanganyiko. Mtunzi hukata kipande kifupi cha litungu, hukirudiarudia juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa, na uzi wowote usiolingana na ngazi ya mashine hunyooshwa hadi ulingane. Litungu hubaki kuwa pambo, mithili ya kibuyu kilichotundikwa ukumbini mwa hoteli. Msikilizaji anaambiwa kwamba jadi imeheshimiwa, kumbe kilichobaki ni rangi yake. Mantiki yake imetupwa.

Magharibi ya Kenya ina kielelezo cha njia iliyo bora. Gitaa lilipoenea huko, George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, alikuwa miongoni mwa waliokuza mtindo wa omutibo. Wapigaji hao hawakulipamba gitaa kwa ngoma za kwao. Walilifundisha kutembea kwa mwendo wa ngoma hizo, huku chupa ya soda ikigongwa kushika mapigo. Ala ilikuwa ngeni, kanuni ilikuwa ya nyumbani. Hali kadhalika, singeli ya Dar es Salaam, iliyosikika ng'ambo kupitia mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, ilichukua vipande vya taarabu ikavikimbiza hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Mwendo huo haukuchaguliwa na programu. Ulidaiwa na wachezaji katika vigodoro vya uswahilini.

Kwa mtunzi wa Kitale, suala hili lina uzito wa pekee. Trans Nzoia ni makazi ya Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, hivyo hakuna jadi moja anayoweza kuidai kuwa ya mji mzima. Lakini mashine ya kupukuchua mahindi, mvua juu ya mabati na wito wa makondakta stendi ni mali ya wote. KMRU wa Nairobi, katika Peel ya mwaka 2020, ameonyesha jinsi sauti za mazingira zinavyoweza kuwa msingi wa utungo wenyewe badala ya kuwa kelele za nyuma yake.

Msanii huyo huyo, katika Temporary Stored ya mwaka 2022, alitumia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kazi hiyo inazusha swali la haki: sauti ni ya nani baada ya kunaswa? Swali hili haliwahusu wakoloni wa jana tu. Kijana anayerekodi chinyimba, njuga za wavulana wa Kibukusu waelekeao jandoni mwezi wa Agosti wa miaka shufwa, kisha akazitia katika wimbo wa kilabu bila kuwauliza wazee, anarudia tendo lile lile kwa mashine ndogo zaidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inadai ridhaa ya jamii. Na hata isingekuwapo, adabu ingetosha.

Basi mazoea ya utunzi yajengwe vipi? Kwanza, mtunzi akae na mpiga litungu na kusikiliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Pili, ajiwekee mipaka: sauti saba tu, zilivyokazwa na mpigaji, bila kuzinyoosha. Tatu, amalize kila utungo, hata ulio dhaifu, kwa maana vipande mia visivyokamilika havimfundishi namna ya kuhitimisha. Nne, aurudishe utungo kwa yule aliyetoa sauti, jina lake litajwe na fungu lake la malipo litolewe. Nakala ya rekodi ingeweza kuwekwa katika Makumbusho ya Kitale.

Sharti hilo la mwisho ndilo kipimo cha uhakiki. Mpiga litungu akiusikia wimbo na kuweza kusema mahali ambapo yeye angejibu, utungo umefaulu, hata kama hakuna uzi mmoja uliosalia ulivyokuwa. Akiitambua sauti ya ala yake lakini asipate pa kuingilia, kilichotungwa ni pambo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Lakini tuzo hiyo hutolewa na wenyeji wa uwanja, nao hawana budi kuwapo.