Dekoda imekatika, radio ya mama imebaki

Wandugu wasomi, tangu abonema ya dekoda itushinde kwetu Goma, wageni wanaulizaga neno moja: "Sasa munaangalia nini?" Wanatuhurumia kabisa. Mwenzangu mumoja, mwenye lisansi sawa vile mimi, alisema nyumba ya watu waliosoma inajulikana kwa televisheni. Nataka kumujibu.

Dekoda ilitupatia nini? Mpira ya Ulaya, filamu, na habari za Paris, kwa bei ya dola kila mwezi. Mama hasikii Kifaransa, alikuwa anaangalia picha tu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Kwetu moto ukakatika, dekoda ikawa sanduku. Tarehe 27, gavana alipoamuru sehemu nyingi za muji zihame, tulijua kwa radio ya mama, ile ndogo ya mawe mawili. Tulitoka kuelekea Sake akiwa ameifunga ndani ya kitenge, na njiani watu tusiowajua wakatuzunguka ili wasikilize.

Kuna wenye kusema: si uko na telefone? Mujaribu. Mega ninazonunua asubuhi zinaisha kabla mechi haijafika mapumziko. Nilipiga hesabu mwezi mumoja, nikaona zimenikulia pesa kupita ile abonema. Filamu za kutiwa kwenye flashi ni bei ndogo, lakini flashi haikuambii kama barabara imefungwa. Tena radio inakuacha mikono. Wakulima ninaofanya nao kazi wanapalilia maharagwe huku wanaisikiliza. Nani atapalilia akiangalia kiyo cha televisheni?

Lakini nisiisifu bure. Radio Okapi, toka 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine: Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Habari za Kiswahili mama hazikosi, anaweza hata kunirudilia zote. Kisha kinakuja kipindi kama Dialogue entre Congolais, pale wakubwa wanabishana juu ya inchi, na wanabishana kwa Kifaransa. Yaani anapewa yaliyotokea, ila sababu zake tunabaki nazo sisi wenye diploma. Hapo radio inafanana na dekoda, tofauti ni bei tu.

"Banasema nini?" ananiulizaga. Natafsiri kadiri ninaweza. Siku niko mashambani, hakuna wa kumutafsiria, basi anaizima ili mawe yasiishe.