Usiku wa Saa Kumi na Sita

Mwezi wa Desemba hapa London jua huzama kabla ya saa kumi. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa jua, akili hugoma: kwetu saa hiyo watu ndiyo kwanza wanatoka kwenye sala ya alasiri, na jua bado linachoma. Basi hufunga mapazia, nikawasha hita, nikainjika chai ya tangawizi. Usiku uliobaki, takribani saa kumi na sita, nawakabidhi mafundi wawili: mtunzi wa riwaya na mtengenezaji wa tamthilia.

Baridi hii nimeirudia riwaya ya Wolf Hall ya Hilary Mantel, iliyotwaa Tuzo ya Booker mwaka 2009. Ni habari za Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney, aliyepanda hadi akawa mkono wa kulia wa Mfalme Henry wa Nane, kisha akakatwa kichwa mwaka 1540. Mwisho wake Waingereza wanaujua tangu shuleni. Kinachomfanya mtu afunue ukurasa mwingine ni ufundi.

Tazama anavyoanza. Kijana kalala chini uani, baba yake anamshindilia mateke. Mantel halaani, halii. Anatuonyesha kiatu: mshono umefumuka, na fundo la uzi limemchana mtoto nyusi. Mtu anayepigwa huona kile kilicho mbele ya macho yake, na kilichokuwapo ni kiatu. Tangu hapo tumeingia ndani ya jicho la kijana huyo, wala hatutoki mpaka kurasa mia sita na ushei ziishe.

Mwaka 2015 BBC ilitoa tamthilia ya sehemu sita kutokana na kitabu hicho na mwendelezo wake. Leo naitazama kwa intaneti saa niitakayo. Nilihofu: kamera itaingiaje ndani ya jicho? Mwongozaji, Peter Kosminsky, aliyapiga picha matukio ya usiku kwa mwanga wa mishumaa, vyumba vikabaki na giza walilokuwa nalo watu wa karne ya 16. Naye Mark Rylance, anayemwigiza Cromwell, hunyamaza. Wakubwa wakibishana, kamera hutulia usoni pake. Kope ikishuka kidogo, unajua kuna hesabu imefungwa. Aliyesoma kitabu anajua ni hesabu gani. Hapo fundi mmoja humpokea mwenzake mzigo.

Bibi yangu hakutoa hadithi mchana. Alitaka kazi ziishe kwanza na giza liingie, ndipo masikio yawe yake. Majira ya baridi ya huku yananirudishia sharti lile: nje hakuna pa kwenda, na msimulizi ana usiku mzima.

Mantel alikitoa kitabu cha tatu cha mfululizo huo mwaka 2020, akafariki mwaka 2022; sehemu zake za tamthilia zilionyeshwa mwaka 2024, mwongozaji na mwigizaji wakiwa wale wale. Kazi ya subira namna hiyo haifai kubugiwa kwa usiku mmoja. Programu ya kutazamia itakuanzishia sehemu nyingine kabla hujapumua. Izime. Soma sura zako, tazama sehemu moja, ulale nayo. Na kama ni lazima kuchagua pa kuanzia, anza na kitabu.